Waya Mmoja Umebaki

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Waya mmoja umebaki. Nimehesabu mara tatu. Bolti zote zimerudi, nati zote zimerudi, kifuniko kimekaa sawasawa, na waya mmoja mweusi unaning'inia ubavuni mwa injini kama mgeni asiyealikwa na mtu.

Urefu wake ni kiganja kimoja. Mwishoni una kichuma cha pete, maana yake unatakiwa kubanwa na bolti mahali fulani. Ni waya wa ethi, hilo nalijua, kazi yake kurudisha umeme kwenye chuma cha injini. Nisichojua ni bolti ipi. Upande huo zipo kumi na nne.

Niandike ilivyokuwa, maana sina mwingine wa kumweleza. Jumapili iliyopita mke wangu alipiga simu kutoka ng'ambo ya maji. Ni muuguzi. Ana miezi minne huko, aliomba uhamisho wa muda baada ya ule ugomvi wetu. Alisema wakubwa wake sasa wanataka jibu: abaki huko moja kwa moja au arudi. Fomu anayo mezani, inatakiwa Jumatatu asubuhi. Akasema nikimfuata Jumapili hii, mimi mwenyewe, kwa boti yetu, atarudi nyumbani. Nisipofika atajua la kufanya. Alitilia mkazo boti yetu, kwa sababu mara ya mwisho nilimwambia imekodiwa na watafiti wa samaki. Wakati huo ilikuwa nyuma ya nyumba, imejaa maji ya mvua; sasa inaelea kwenye kamba mbele ya nyumba.

Mtu mwingine angetulia akasubiri Jumapili. Injini ilikuwa inawaka. Lakini nilitaka mke wangu aone mabadiliko. Nikafungua kifuniko, nikachomoa nyaya zote, nikasugua kutu, nikapaka injini nzima rangi ya buluu, tabaka mbili, kila bolti, kila pembe. Imependeza mno. Mafundi wa kawaida hufunga uzi kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa, wapate kukumbuka ulikotoka. Mimi sikufunga. Nilijiambia kichwa changu ni daftari.

Dada yangu mkubwa alitoka nje kutazama. Amekuja kukaa nami tangu mke aondoke, anasema ni ili nisife njaa. Akauliza injini ilikuwa inaumwa nini. Nikamjibu haikuwa inaumwa kitu. Akarudi ndani.


Jumatano, tarehe 5 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimetandaza turubai juu ya boti nikafanya kazi chini yake, mgongo umelowa, magoti yako majini. Hali yangu ni ya kusikitisha.

Ingekuwa injini ya zamani, ya kabureta, ningeiwasha kwa matusi tu. Hii ni ya kupuliza mafuta. Ndani ya kisanduku cheusi kuna kompyuta ndogo, ndiyo inayoiambia pampu lini isukume na nozeli lini zipulize. Kompyuta isipopata njia ya kurudishia umeme wake, hainuni tu, inasusa kabisa. Niliacha waya huru nikageuza ufunguo: pampu kimya. Basi si waya wa mapambo.

Bolti ya kwanza: kimya. Bolti ya pili: pampu ikanguruma, injini ikawaka, nikapiga makofi, ikazima. Bolti ya tatu: taa nyekundu na king'ora, hadi mbwa wa jirani akajibu. Nikarudi bolti ya pili, ile ile iliyowasha. Safari hii kimya. Bolti ile ile, waya ule ule, mtu yule yule. Injini hii haina msimamo.

Shida nyingine ni makovu. Kila spana inapogusa, rangi inabanduka. Siwezi kumpokea mke wangu kwa injini yenye makovu, atasema ni yale yale. Kwa hiyo kila nilipojaribu bolti nilipaka upya, nikapepea kwa kipande cha boksi mpaka ikakauka, ndipo nikafunga waya na kujaribu tena. Hata pete ya waya nimeipaka, ilikuwa imefifia. Kazi ya namna hii haina haraka. Nimejaribu bolti tano kwa siku nzima.

Mchana nilimweleza dada kwamba huenda kiwanda kiliweka waya wa ziada, wa tahadhari. Akauliza kama waliweka na injini ya ziada. Dada yangu ana ulimi. Ndiyo maana mpaka leo watu wanamwogopa.

Nilipoingia kutafuta shati kavu nilifungua upande wa kabati ambao si wangu. Kuna vitundikio tisa vitupu. Sijui kwa nini nilivihesabu.


Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nimeamua kwenda kwa Fundi Kimya. Si kumuuliza. Kumuuliza ni kukiri, na mimi kukiri siwezi. Nimekwenda kumtoa jibu bila mwenyewe kujua amelitoa.

Fundi Kimya ni jirani, karakana yake iko hatua thelathini kutoka kwangu. Wamempa jina hilo kwa sababu anaweza kufungua injini na kuifunga asiseme neno. Tulianza kazi mwaka mmoja, kwenye bohari moja la vipuri. Yeye akaenda chuo miaka miwili. Mimi nikaona miaka miwili ni mingi mno kwa mtu mwenye kipaji. Cheti chake kiko kwenye droo, chini ya misasa. Changu nilikitundika sebuleni, ndani ya fremu ya kioo.

Na hapo ndipo penye kidonda. Changu nilikitengeneza mwenyewe. Ujuzi ninao, kilichopungua ni karatasi tu. Nilikiwekea nembo, muhuri na saini ya mkuu wa chuo. Bahati mbaya mkuu huyo alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya tarehe niliyoandika. Nani angekumbuka jambo dogo kama hilo? Mke wangu alikumbuka. Yeye ndiye aliyemfumba macho, pale wodini. Hakupiga kelele. Alikishusha ukutani, akakifuta vumbi, akaniuliza taratibu kama ni cha kweli. Nikasema mkuu alisaini mapema kwa kuniamini. Wiki hiyo akaomba uhamisho. Habari zikavuja, na tangu hapo mtaa mzima unaniita Mhandisi. Mwanzoni nilidhani ni heshima.

Basi nimemkuta Fundi Kimya amelala chali chini ya boti ya mtu. Nikamwambia natunga mtihani wa mafundi wapya, nimeombwa na wakubwa fulani ambao nisingependa kuwataja. Nikasema swali la saba linanisumbua, si kwa jibu, jibu ninalo, bali kwa namna ya kuliuliza: waya mweusi wenye pete umebaki kwenye injini ya kupuliza mafuta, je, ufungwe wapi? Nilihesabu matone saba ya oili yakianguka kwenye karai. Akasema inategemea. Nikauliza inategemea nini. Akasema yeye angetazama kwanza kama hapo unapofungwa ni pasafi.

Nikacheka. Nikamwambia katika mtihani wangu kila mahali ni pasafi, pamepakwa rangi mpya tabaka mbili. Kisha akatoa kichwa chini ya boti, jambo ambalo si kawaida yake, akanitazama, akasema kwa upole kwamba kama napenda anaweza kuja kuutazama huo mtihani. Angekuja leo leo.

Nikasema asante, haina haja. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli nyingi. Nimemjua. Anataka kuingiza mkono kwenye kazi yangu, halafu kesho mtaa mzima useme Mhandisi kasaidiwa. Mimi si wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Zimebaki siku tatu. Bolti nilizojaribu hadi sasa ni tisa.


Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Siku ya aibu. Naiandika kwa sababu kuna ushindi ndani yake.

Jana, wakati naondoka kwa Fundi Kimya, niliona kitu. Kwenye stendi yake kuna injini ya mteja, aina ile ile ya kwangu, kifuniko wazi, kila waya mahali pake. Jibu la mtihani limewekwa hadharani. Na Fundi Kimya anakula mchana saa saba kamili, kwa binamu yake upande wa pili wa barabara, dakika arobaini, hazidi wala hazipungui. Nimekaa dirishani kwangu na saa mkononi. Saa saba akatoka. Saa saba na dakika mbili nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa ndani ya injini ya watu. Na huo hapo! Waya mweusi, pete ile ile, unatoka chini ya kisanduku cha kompyuta, unashuka, unabanwa na bolti ya tatu kutoka chini, pembeni ya stata, ile mota ya kuwashia. Ile bolti nilikuwa nimeshaijaribu Jumatano, ndiyo iliyopiga king'ora, lakini sasa nilikuwa na uhakika. Nikachora kwenye kiganja kwa kalamu.

Nikasikia hatua. Fundi Kimya alikuwa amesahau miwani yake. Akasimama mlangoni. Mimi nimepiga magoti, nusu ya mwili imo ndani ya injini, kalamu mdomoni. Ilibidi niseme kitu. Nikasema jana nilipokuja nilidondosha pete yangu ya ndoa.

Mtu mwingine angeuliza pete imefikaje ndani ya injini ambayo jana sikuigusa. Yeye hakuuliza. Alivaa miwani, akachukua tochi, akapiga magoti kando yangu. Akatafuta chini ya meza. Akatafuta kwenye vumbi la chuma, akilichambua kwa vidole. Akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono hadi kiwikoni ndani ya karai la oili chafu, akapapasa chini polepole. Nikamwambia aache, si neno. Akasema pete ya shemeji si ya kuachwa. Nusu saa nzima. Binamu yake alimwita chakula kinapoa, akaitika kwamba anakuja, hakwenda.

Na mimi nikawa natafuta kweli. Nilishasahau kwamba ni uongo. Nikanyanyua ubao mmoja kutazama chini yake, mwanga wa tochi ukaangukia mkono wangu. Pete iko kidoleni. Haijawahi kutoka, kidole kimenenepa, haitoki hata kwa sabuni. Tuliitazama sote wawili. Fundi Kimya akazima tochi. Akasema afadhali imepatikana. Akaanza kujifuta mkono kwa tambara, na mimi nikatoka.

Sikula. Nimekwenda moja kwa moja kwenye boti. Bolti ya tatu kutoka chini ilikuwa imekwanguka, nikaipaka kwanza, ikakauka, nikafunga waya, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikageuza ufunguo. Ikawaka. Haikuzima! Nikafungua kamba nikatoka taratibu, nikapita mbele ya karakana ya Fundi Kimya, nikapunga mkono. Dakika tano. Nje kidogo ya gati ikakohoa mara mbili ikafa. Nimerudi nikipiga kasia kwa kipande cha ubao, watu wakinitazama, na mmoja akiniuliza kama huo ndio uhandisi wenyewe.

Nimekaa ndani ya boti mpaka nguo zikakauka mwilini. Macho yalitoa maji. Nadhani ni harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi. Nimemkosa mke wangu kwa waya wa kiganja kimoja, ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, na nikaliwaza hilo mara nyingi.


Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Nimelala kitandani. Mwili wote unauma. Hauumi, lakini ndivyo nilivyomwambia dada.

Ni mpango mzuri, nashangaa sikuufikiria mapema. Mgonjwa halaumiwi kwa kutovuka maji. Na mke wangu ni muuguzi, akisikia nina homa huenda akaja mwenyewe na boti ya abiria, akanikuta nimelala, nimekonda kidogo. Nikaweka kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, nikaguna.

Dada aliweka kiganja shingoni kwangu. Akasema ni baridi kuliko sakafu. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, ila anayejizulia maradhi hajui wahenga walimwandalia nini. Akaniuliza, mdogo wangu, ni kitu gani hasa. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia. Waya, bolti kumi na nne, king'ora, ubao wa kupigia kasia. Pete sikuitaja. Akanisikiliza hadi mwisho, akajitanda mtandio, akatoka. Nilidhani anakwenda kununua dawa.

Baada ya muda nikasikia kifuniko cha injini kikifunguliwa. Nikasogeza pazia kidole kimoja. Fundi Kimya alikuwa ndani ya boti yangu, kwenye manyunyu, na dada amemshikia mwavuli. Kwa dakika kumi hakugusa kitu. Alitazama tu. Kisha akafungua bolti ya tatu kutoka chini, akaichomoa pete ya waya, akatoa kisu kidogo mfukoni. Akaanza kukwangua rangi yangu. Nilitaka kufungua dirisha nipige kelele, nikakumbuka ninaumwa.

Alikwangua mpaka chuma kikaonekana cheupe, mduara wa ukubwa wa kifungo cha koti. Akaikwangua na pete pande zote mbili. Akapitisha msasa, akapuliza, akafunga, akakaza, akapaka grisi kidogo kwa juu. Akageuza ufunguo. Pampu ikanguruma, injini ikashika. Akakaa humo ndani saa nzima akiisikiliza, mikono magotini. Haikukohoa hata mara moja.

Dada alikuja kunieleza. Waya ulikuwa mahali pake, kumbe rangi haipitishi umeme. Nilikuwa nimeziba kila bolti, na kila ilipojikwangua kidogo ikaanza kupitisha, nikaiziba tena. Nikauliza Fundi Kimya amesema nini kingine. Dada akasema ameuliza tu mgonjwa anaendeleaje, na ameomba pale alipokwangua pasipakwe tena. Kisha dada akachukua kopo la rangi, akaenda nalo chumbani kwake.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Waya ulikuwa kwenye bolti iliyo sahihi tangu jana. Nani aliuweka pale? Mimi. Nani aliyehatarisha heshima yake kuipata bolti hiyo? Mimi. Yeye amefanya usafi. Anayefagia nyumba hasemi ameijenga. Nikiitazama kwa haki kabisa, injini hii nimeitengeneza mimi.

Homa imeshuka.


Jumapili, tarehe 9 Novemba

Niandike polepole.

Nimeondoka saa mbili asubuhi. Mawingu yalikuwa chini, maji ya kijivu, hakuna upepo. Injini imekwenda dakika hamsini bila kusitasita. Njia nzima nilikuwa nikizungumza na mke wangu kichwani, na kila nilichosema kilikuwa kizuri.

Alikuwa gatini kabla yangu. Ana mabegi mawili, yale yale aliyoondoka nayo. Amepungua kidogo usoni. Aliponiona alitabasamu, upande mmoja wa mdomo, kama zamani, na mimi nikajigonga goti kwenye ubao wa boti kwa furaha. Akanipa begi la kwanza, akanipa la pili, akashuka, akakaa benchi la mbele akinielekea. Akasema fomu imo kwenye begi, hajaisaini. Akasema hana haja nayo tena akiona mambo ni sawa.

Sikuizima injini. Nilitaka aisikie. Akaisikia, akasema inalia vizuri. Nikasema ndiyo. Akaona ile rangi, akasema imependeza, na nikajua anasema kweli. Kisha akauliza nani ameitengeneza.

Hapa niwe mkweli, ni shajara yangu. Jina lilifika. Lilikuja hadi kooni, Fundi Kimya, maneno mawili tu, nikahisi uzito wake ulimini. Nikaitazama ile buluu. Nikasema ni mimi.

Hakukunja uso. Akasema lazima ilinipa tabu. Nikasema siku nne, kwenye mvua, magoti yako majini, na hilo lilikuwa kweli tupu. Akauliza kama nilikuwa peke yangu siku zote nne. Aliuliza kwa sauti anayowaulizia wagonjwa kama wamemeza dawa. Nikasema peke yangu. Akainama karibu, akaniwekea mkono kwenye goti lile lililogongwa, akasema si aibu mtu kusaidiwa, hata yeye kazini husaidiwa kila siku na wauguzi wadogo kwake, na hapungukiwi na kitu. Akanisubiri.

Nilidhani ana shaka na ujuzi wangu. Nikaona bora niuzike huo wasiwasi mara moja. Nikamwambia mambo ni kinyume, kwamba jana Fundi Kimya mwenyewe alikuja kwenye boti hii kujifunza. Nikamwambia nilimwelekeza kwamba rangi haipitishi umeme. Nikasema maskini alikuwa hajui, na miaka yake miwili ya chuo.

Mkono wake ukatoka gotini kwangu. Akatazama maji muda mrefu. Mimi nikatazama maji pia, nikidhani kuna kitu. Kisha akasimama, akachukua begi moja, akaniomba nimpe lile lingine. Nikampa. Nilidhani anataka kutoa leso. Akapanda gatini nayo yote mawili. Akasema asante kwa kuja, na kwamba mvua iko njiani, niwahi. Akasema nimsalimie wifi yake. Nikamuuliza nije tena Jumapili ijayo saa ngapi. Akasema nijitunze, na nisiwe nalala na njaa. Alisema kwa upole. Angenitukana ningejua la kujibu.

Akaondoka, akapita lango la hospitali. Hakugeuka.

Nilikaa pale saa nzima, injini ikiwaka. Haikuzima. Ingezima angalau ningepata sababu ya kubaki. Nikafungua kamba nikarudi nyumbani, na mvua ikanikuta katikati kama alivyosema.


Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Fomu imesainiwa. Mke wangu ameipeleka asubuhi saa mbili, ofisi ilipofunguliwa. Dada ndiye aliyepokea simu, amekaa na khanga usoni tangu hapo, uji haukupikwa.

Na sasa nimeujua ukweli wote, na ni mchungu. Dada amekiri. Jumamosi, Fundi Kimya alipomaliza tu, dada alimpigia mke wangu simu kwa furaha akamwaga kila kitu: homa yangu ya uongo, kisu, rangi, mwavuli. Anasema mke wangu alicheka mpaka akalia. Anasema mke wangu alisema, basi, sitaki boti wala injini, aje tu aniambie ilivyokuwa kwa kinywa chake, na narudi nyumbani. Anasema alifunga mabegi yote mawili siku ile ile.

Kwa hiyo chanzo ni dada. Asingepiga simu ile, mke wangu angekuwa jikoni sasa hivi. Nimemwambia hivyo waziwazi, kwamba nyumba nyingi huvunjwa na watu wasioweza kuacha simu ipumue. Hakunijibu, yeye mwenye ulimi wake wote. Akaenda chumbani kwake na kufunga mlango, na nadhani nimesikia akitoa sanduku lake chini ya kitanda.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Nimelichambua kosa langu nikaliona: sikuwa na ushahidi. Mke wangu alisikia upande wa dada ukiwa na maelezo kamili, na upande wangu ukiwa maneno matupu. Mtu yeyote angeniona mwongo. Nitamwandikia barua. Nitaeleza matengenezo hatua kwa hatua, pamoja na mchoro wa injini nzima, kila waya, kila bolti, na ule mduara uliokwanguliwa. Anayeweza kuichora injini namna hiyo ndiye aliyeitengeneza, hilo hata yeye hawezi kulipinga.

Nimechora tangu asubuhi. Haikai vizuri. Bolti kumi na nne zinatoka kumi na sita, na stata imefanana na kiatu.

Fundi Kimya ana mkono mzuri wa kuchora, walifundishwa chuoni. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwake. Nitamwomba anichoree vizuri kwa wino, aache nafasi chini. Jina nitaliweka mwenyewe.